Kungwi Aliyeandikwa

Kitabu kilimfikia Mwaisha Jumamosi asubuhi, kimefungwa ndani ya kanga mpya kama mtoto wa siku tatu. Sharifa alikipandisha mwenyewe kwa bodaboda kutoka mjini hadi Tangeni, akakiweka juu ya meza ya chumba cha mbele, akapiga goti kama alivyozoea tangu utotoni.

"Shikamoo, Mama. Ndicho hiki."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja kwanza ninawe."

Alikuwa ametoka kwenye matuta ya karoti, na udongo mwekundu ulikuwa umemkaukia mpaka viwikoni. Alinawa, akajifuta, akakishika kitabu kwa mikono miwili. Jaladani palikuwa na mchoro wa kilima, na jina: Shamba Lisilopandwa. Chini yake jina la Sharifa na la baba yake. Ndani, kwenye ukurasa usio na kitu kingine, yalikuwapo maneno manne: Kwa Mama Mwaisha, aliyenilea.

Mwaisha alikuwa na miaka hamsini na sita. Jina lake alikuwa ameliona limechapwa mahali pawili tu, kwenye kadi ya kura na kwenye kitambulisho. Aliusoma ukurasa ule mara tatu, kisha akauliza kama kila atakayenunua kitabu atauona. Sharifa alicheka, akasema kila mmoja, mpaka wa Mwanza. Kabla ya kuondoka alidokeza kwamba kitabu cha pili kitakuwa cha nyimbo za unyago, kwa hiyo atakuja siku moja na simu yake amrekodi, hasa ule ubeti wa nne ambao hakuna mwingine anayeujua. Mwaisha alimjibu kwamba wataona.

Jioni ile aliitoa kalenda ya mwaka jana ukutani, akakivalisha kitabu jalada la nje kama alivyokuwa akiyavalisha madaftari ya Sharifa alipokuwa shule ya msingi, upande mweupe juu. Akajipangia kusoma kurasa nne kila siku baada ya swala ya alasiri. Alimaliza darasa la saba, lakini husoma kwa kidole, neno baada ya neno, na hakutaka kuruka hata moja.

Alikisubiri kitabu kile kwa hamu kwa sababu alikijua kabla hakijaandikwa. Sharifa hufundisha Kiswahili kwenye sekondari moja ya mjini Morogoro. Siku moja, yapata miaka miwili sasa, alikuwa amekaa jikoni kwa Mwaisha akichambua mchicha, akilalamika kwamba katika hadithi zote anazowafundisha wanafunzi wake, mwanamke asiyezaa ana njia mbili tu. Ama ni mchawi, ama ni wa kuonewa huruma mpaka ukurasa wa mwisho, ambapo hupata mimba au hufa.

"Hakuna anayeamka asubuhi akaenda shambani," alisema. "Hakuna anayecheka. Mimi nataka kumwandika mmoja anayecheka."

Mwaisha, bila kuacha kukuna nazi, alimwambia aandike.

Kurasa za mwanzo zilimfurahisha kweli. Alikutana na mwanamke aitwaye Mwanahawa, anayepanda karoti kwenye mteremko, anayetaniana na wateja na kuwatukana mbuzi wa jirani kwa majina ya watu. Mwaisha alijiona, akacheka peke yake barazani. Siku ya kumi alikuwa amefika ukurasa wa arobaini. Siku hiyo, Jumatatu, ndiyo aliyokuja Zawadi, mwenye duka la karibu na daraja, kukamilisha mipango ya binti yake Hafidha kuingia ndani siku inayofuata. Zawadi alikiona kitabu mezani, akakifungua, akaona jina la Mwaisha ukurasa wa mbele, akashika mdomo kwa mshangao.

"Kichukue ukasome," Mwaisha alimwambia. "Mimi naenda mwendo wa kinyonga. Ukimaliza utaniletea niendelee."

Hakuna aliyemlazimisha. Alikitoa kwa mkono wake, na kwa majivuno.

Ili kujua alichokitoa, inabidi kujua Mwaisha alikuwa nani pale Tangeni. Alikuwa kungwi. Msichana anapovunja ungo, huwekwa ndani akawa mwali, na siku hizi, kwa sababu ya shule, huwekwa wakati wa likizo tu, siku kumi na mbili za mwezi wa sita au wa kumi na mbili. Kungwi ndiye anayekaa naye, kumfundisha na kumwimbia, na siku ya mwisho ndiye anayemtoa nje mbele za watu. Msichana huyo, hata akija kuwa bibi, atamwita kungwi wake Somo maisha yake yote. Kwa miaka ishirini na nane Mwaisha alikuwa amewatoa wasichana sitini na wanne, na Zawadi alikuwa miongoni mwa wa mwanzo.

Masharti ya kazi hiyo pale kijijini ni machache, na kubwa lao ni hili: kungwi awe amezaa. Si lazima mtoto awe hai. Inatosha awe amepita njia ile na kurudi. Na Mwaisha alihesabiwa kuwa amepita, kwa sababu ya mtoto aliyekufa Kingolwira.

Mtoto huyo hakuwahi kuwapo.

Mwaisha aliolewa akiwa na miaka kumi na minane na Abasi, kijana aliyekuwa akifanya kazi ya reli, wakakaa Kingolwira karibu na stesheni kwa miaka mitano. Mimba haikushika hata mara moja. Mwaka wa tano Abasi alimpa talaka, bila matusi, akamsindikiza mpaka Morogoro mjini na sanduku lake. Mwaisha aliupanda mlima peke yake, akafika kwa mama yake jua likiwa limeshaanza kuinama. Mama yake hakumuuliza kitu. Alimwogesha, akamlisha, kisha akachukua kitambaa cha kaniki, akakichana, akamfunga kifua kwa nguvu mpaka akakosa pumzi.

Kesho yake majirani walipokuja kumpa pole ya talaka, walimkuta amefungwa vile, kama wanavyofungwa wanawake wanaokausha maziwa. Mama yake aliwaambia kwa sauti ya chini kwamba kulikuwa na mtoto, hakufika siku saba, wamemwacha huko huko. Mtoto aliyekufa kabla ya kutolewa nje na kupewa jina hakaliwi matanga, wala habari zake haziulizwi. Wanawake waliinamisha vichwa, wakamshika Mwaisha mikono, wakaondoka. Mwisho wa maswali ukawa hapo. Hakuna aliyewahi kushuka mpaka Kingolwira kutafuta kaburi.

Kaniki ilikaa kifuani siku saba. Usiku wa kwanza mama yake alimweleza sababu, maneno ambayo Mwaisha hakuyasahau. Alimwambia kwamba kuna chumba pale kijijini ambacho huingia waliozaa tu, na yeye hataki binti yake azeeke akiwa amesimama mlangoni.

Kwa hiyo Mwaisha aliingia. Miaka mitatu baadaye mdogo wake, Rehema, alifariki akaacha mtoto wa miaka minne, ndiye Sharifa. Mtoto wa ndugu wa kike ni wa ukoo wa mama, ni wako. Hakukuwa na kikao wala mjadala. Mwaisha alimbeba mgongoni siku ile ile ya mazishi, na kuanzia hapo akaitwa Mama Sharifa. Aliuza karoti na kabichi kwa wapishi wa chuo cha Mzumbe, akamsomesha mpaka chuo. Mama yake mzazi alipofariki, siri ya kaniki ikabaki ndani ya mtu mmoja.

Ilitoka mara moja tu. Sharifa aliolewa na Idrisa, kijana mpole wa benki, na mimba zake tatu ziliharibika moja baada ya nyingine. Ya tatu ilikuwa na miezi mitano. Alipandishwa kwa Mwaisha kupumzika, akageukia ukutani siku nne, hataki kula, hataki hata kunywa maji. Siku ya nne Mwaisha aliingia na bakuli la uji wa ulezi, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa ameshamaliza maneno yote wanayoambiwa watu waliofikwa na msiba kama ule. Lililobaki lilikuwa moja. Akamsimulia Kingolwira, na kifua, na kaniki, na vile alivyowahi kuhisi usiku wa tano, mpaka leo hajui kwa nini, kwamba kifua kinamuuma kana kwamba maziwa yamo kweli.

Sharifa aligeuka kutoka ukutani. Alimtazama muda mrefu, akalia, kisha akanyoosha mkono akapokea bakuli. Uji aliumaliza wote. Mwaisha alitoka nje na bakuli tupu akifikiri kwamba amempa dawa.

Hafidha aliingia ndani Jumanne. Siku tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Mtoto alikuwa msikivu, mwenye aibu, na mcheshi kidogo pale Mwaisha alipomruhusu. Alimuuliza kama ni kweli kwamba mwali akicheka huota meno makubwa, akaambiwa na kungwi aangalie meno ya mama yake halafu ajijibu mwenyewe. Siku ya nne, Ijumaa asubuhi, Mwaisha alikuwa anafunga kanga ya pili ili atoke, alipomwona Zawadi amesimama barazani na kitabu ndani ya bahasha ya kaki.

"Pita ndani, mbona umesimama kama mkusanya kodi?"

"Nimekwisha karibia, Somo. Sikai."

"Umekimaliza?"

"Nilikimaliza juzi." Zawadi aliangalia vidole vya miguu yake. "Wewe ulikuwa umefika wapi?"

"Arobaini. Si ulikuwa nacho wewe."

Zawadi alifumba macho kidogo, kama mtu aliyekuwa akitumaini jibu jingine. "Basi hujui," alisema. Akampa bahasha. "Nimekunja ukurasa mmoja, unisamehe kwa kukunja. Usome huo. Na leo usije kwa mtoto, Somo. Bi Pili atakaa naye."

"Bi Pili na magoti yale? Akikaa chini nani atamnyanyua?"

"Ndivyo ilivyoamuliwa."

Alitaka kuondoka, akarudi hatua moja. Alisema polepole kwamba alipotolewa yeye alikuwa na miaka kumi na mitatu, na watoto wake wanne wote aliwazaa akiukumbuka mkono wa Mwaisha mgongoni na maneno aliyomwambia mle ndani. Kisha akasema lile lililomleta.

"Sasa sijui uliyatoa wapi."

Ukurasa uliokunjwa ulikuwa wa 137. Mwaisha alikaa kwenye kigoda jikoni, akavaa miwani, akaweka kidole, akasoma:

Mama yake alimfunga kifua kwa kitambaa cha kaniki, siku saba, ili majirani wadhani anakausha maziwa. Hakukuwa na maziwa. Hakukuwa na kaburi Kingolwira. Kulikuwa na msichana wa miaka ishirini na mitatu aliyefundishwa kudanganya kwa mwili wake mwenyewe, na ambaye hakuacha kumchukia mama yake kwa hilo. Na msichana huyo, ambaye hakuzaa hata mara moja, ndiye aliyekuja kuwa kungwi bora kuliko wote mlimani. Nani basi atathubutu kusema kwamba mwanamke ni tumbo?

Aliusoma mara mbili. Ulikuwa umeandikwa vizuri, na hilo ndilo lililomuuma kwanza. Kama ungekuwa umeandikwa ovyo, angeweza kusema mtoto amekosea. Lakini kila neno lilikuwa limetafutwa, likapimwa, likawekwa mahali pake kwa mapenzi, kama mtu anayepanga vyombo vya mgeni. Ulikuwamo usiku wa tano. Yalikuwamo maumivu yale ya maziwa yasiyokuwapo, kwenye ukurasa wa 138, mistari sita mizima.

Likamuuma la pili: hakuwahi kumchukia mama yake. Hata siku moja. Hilo hakulisema kitandani kwa Sharifa, kwa sababu halikuwapo. Sharifa alikuwa amelitia mwenyewe.

Bi Pili, mkuu wa makungwi, alimwita siku hiyo hiyo baada ya swala ya Ijumaa. Waliketi wanawake watano kwenye mkeka, wote wakubwa kwa Mwaisha. Hakuna aliyepandisha sauti. Walizungumza kwanza juu ya mvua, juu ya bei ya mbolea, juu ya mguu wa mmoja wao. Kisha Bi Pili alimwuliza kama yaliyosomwa ni kweli. Mwaisha angeweza kukana. Angeweza kusema ni hadithi, watu wa vitabu hutunga, na wote watano walikuwa wamemwachia nafasi ya kusema hivyo. Aliiona nafasi hiyo katika namna walivyoangalia pembeni. Lakini ukurasa wa mbele ulikuwa na jina lake, na aliyeandika alikuwa mwanawe. Akasema ni kweli.

Bi Pili alivuta pumzi. "Mimi nilijua tangu mwaka ule," alisema. "Kifua kinachokausha maziwa nakifahamu, na chako hakikuwa hicho. Nilimwangalia mama yako, mama yako akaniangalia, basi. Siku nilipokuweka kwenye kazi nilijua ninamweka nani."

Mwaisha aliinua uso.

"Lakini lilikuwa halijasemwa," Bi Pili aliendelea. "Lisiposemwa naweza kulikalia mpaka nazikwa. Sasa limepigwa chapa, wamelisoma mpaka watoto wa shule. Mtu akiniuliza kesho nitamwambia nini? Kwamba sijui kusoma?"

"Kweli hujui," alisema mmoja wao.

"Kweli sijui. Lakini masikio ninayo."

Walicheka kidogo, hata Mwaisha, na kicheko kile kilimuuma kuliko kama wangemfokea. Aliuliza habari za wale sitini na wanne. Bi Pili alisema hao wameshatoka, hawawezi kurudishwa ndani. Ila Hafidha hatatolewa naye, wala mwingine baada yake. Na aliposimama kuaga, Mwaisha aligundua kwamba hakujua tena akae wapi kwenye mikusanyiko ya wanawake: upande wa makungwi, ambao hakuwa wao tena, au upande wa wasichana, kwa umri wake ule.

Sharifa alikuja Jumapili, na furaha yake yote. Alikuwa na habari: wasomaji wa mjini wangekutana Jumamosi inayofuata kuzungumza juu ya kitabu, wanawake watupu, walimu na wauguzi na wanachuo, nao wameomba wamwone Mama Mwaisha mwenyewe. Alimletea hata kitambaa cha gauni. Mwaisha alimsikiliza mpaka mwisho, akakikunja kitambaa na kukirudisha kwenye mfuko wake, kisha akamweleza yaliyotokea, kwa utaratibu, siku baada ya siku.

Sharifa alikaa chini. Alisema hakudhani kwamba kitabu kingepanda mpaka Tangeni upesi hivyo. Alipokwisha kusema hivyo aliona mwenyewe jinsi kauli ile ilivyosikika, akakimbilia nyingine.

"Nilikuandika kwa sifa, Mama. Watu wanalia wakifika pale. Kuna mama wa Dodoma amenipigia simu, miaka kumi na mitano kwenye ndoa, hana mtoto, alikuwa haendi hata harusini. Sasa anakwenda."

Mwaisha aliamini kwamba mama huyo yupo, na kwamba sasa anakwenda harusini. Alimfurahia kwa dhati. Furaha ile haikumsaidia kitu.

"Huyo anakaa Dodoma," alisema. "Mimi nakaa hapa."

"Jina nimelibadilisha."

"Jina umelibadilisha. Karoti umeziacha, Kingolwira umeiacha, kaniki umeiacha. Halafu mbele umeandika Kwa Mama Mwaisha. Sasa mtu ahangaike kutafuta nini?"

"Lakini sharti lao ndilo baya, Mama, si kitabu. Ulikuwa bora kuliko wote waliozaa. Hilo ndilo nililotaka walione."

"Huenda ni baya. Mimi nilipita mlango wa nyuma, nikakaa ndani miaka ishirini na nane, sijamgusa mtu. Wewe umekuja na taa unawaonyesha nilipokaa. Na mama yangu? Nani alikwambia nilimchukia?"

"Ile ni riwaya. Ilibidi mhusika awe na hasira."

"Ilibidi kwa nani?"

Sharifa alianza kulia, taratibu, kama alivyolia kitandani miaka miwili iliyopita, na mkono wa Mwaisha ulitaka wenyewe kwenda begani kwake. Aliuzuia.

"Neno lile nilikupa pamoja na bakuli la uji," alimwambia. "Uji uliula. Neno umelimwaga njiani. Hebu niambie kitu kimoja tu. Kama ungeniuliza kabla, ningekujibu nini?"

Kuku walipita mlangoni, wakaingia, wakatoka.

"Ungekataa."

"Basi ulijua."

Baada ya hapo hawakuzungumza tena jambo la maana. Sharifa alimwuliza kama amwombe mchapishaji aufute ule ukurasa katika toleo lijalo, Mwaisha akamjibu kwamba walioshasoma hawawezi kufutwa. Alimsindikiza mpaka kwenye bodaboda kama anavyosindikizwa mgeni. Hilo Sharifa aliliona, maana siku zote huagana mlangoni, mmoja akirudi jikoni kabla mwingine hajafika barabarani.

Hafidha alitolewa Jumamosi iliyofuata, siku ile ile waliyokutana wasomaji mjini. Tangu asubuhi ngoma zilisikika kutoka kwa Zawadi. Mwaisha alipeleka nazi nne na kuni kama jirani yeyote, akazikabidhi uani, akarudi nyumbani. Kazi aliyoishika ilikuwa palizi ya karoti, kwenye matuta yaliyo nyuma ya ua wa michongoma, karibu na njia panda.

Njia panda hiyo ndiyo mahali ambapo msafara husimama. Wimbo wa kumtoa mwali una beti nne. Tatu hujulikana na kila mwanamke wa Tangeni, hata wanaouza sokoni huziimba wakipepeta mchele. Wa nne huimbwa na kungwi peke yake, kwa Kiluguru cha zamani, mwali akiwa bado amefunikwa uso, na baada yake ndipo kanga hufunuliwa. Bi Pili aliusahau miaka mingi iliyopita, kwa hiyo ulikuwa ukiimbwa na Mwaisha tu. Maneno yake hayaandikwi hapa.

Msafara ulifika. Kupitia matawi ya michongoma aliwaona wote: vijana wa ngoma, Zawadi kwenye kanga za sare, Hafidha juu ya mabega ya mjomba wake, kichwa kimeinamishwa kama alivyofundishwa zile siku tatu za kwanza. Alifurahi kuona shingo ile imetulia vizuri. Waliimba ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha sauti zikakoma, ngoma zikabaki zinalia peke yake.

Bi Pili, akiegemea mkongojo wake, aligeuka akautazama ua wa michongoma. Hakuita. Aliinua mkono kuwaashiria wapiga ngoma waendelee, nao wakarudia mzunguko. Wanawake wakaelewa mmoja baada ya mwingine, nao wakageukia ua. Alikuwa anasubiriwa. Walitaka sauti itoke majanini, bila mtu, waipokee, kisha waendelee na safari yao kana kwamba haikutoka kwa yeyote.

Mwaisha alikuwa na ubeti wote mdomoni. Pumzi ilikuwa imeshajaa kifuani, kama inavyojaa yenyewe kwa aliyezoea kazi. Alifikiri kwamba watu wawili wanautaka ubeti ule leo. Mmoja anautaka bila jina lake, na mwingine, huko mjini, anautaka pamoja na jina lake ili aupige chapa. Hakuna aliyekuja kumwuliza.

Mzunguko wa pili wa ngoma ulipita. Wa tatu ulipoanza, kifua kilimbana, pale pale, kama siku zile saba. Akaishika pumzi, akafunga mdomo.

Bi Pili aliushusha mkono. Kisha akaanzisha tena ubeti wa kwanza kwa sauti yake iliyokwaruza, wengine wakampokea, na kanga ikafunuliwa kwa wimbo ambao haukumalizika. Watu walipiga vigelegele. Hafidha, kinyume cha alivyofundishwa, aliinua macho mara moja kuelekea kwenye ua, halafu akayashusha.

Walipokwisha kupita, Mwaisha aliiachia ile pumzi polepole. Aliinama akaokota kijembe chake. Matuta mawili ya mwisho yalikuwa bado hayajapaliliwa.